Kutoka Mtwara hadi Kilwa Kisiwani: safari katika miji iliyorithiana

Nimeyaandika haya baada ya kurudi nyumbani Dar es Salaam, nikiyaunga kutoka katika daftari langu na picha alizopiga mpwa wangu, kijana anayesoma chuoni, ambaye alikubali kunisindikiza. Tulisafiri katikati ya Oktoba, wakati kusi imeshalegea, kaskazi bado haijaanza kuvuma, na mikorosho imekwisha kuanza kuangusha mabibo. Nia yangu ilikuwa moja. Pwani ya kusini ina miji ambayo kila mmoja ulichukua nafasi ya mwenzake: Mtwara ilichukua shughuli za bandari ya Mikindani, Kilwa Masoko ilichukua ofisi za Kilwa Kivinje, na Kivinje yenyewe ilikuwa imekwisha kuichukua biashara ya Kilwa Kisiwani. Tulipokuwa shuleni tulisomeshwa habari za mji wakati wa fahari yake, kisha ukaachwa mara tu meli zilipohamia kwingine. Nilitaka kuwafuata waliobaki baada ya meli kuondoka, na kuwauliza wanakumbuka nini.

Jumapili: Mbagala hadi Mtwara

Basi liliondoka Mbagala alfajiri, na sehemu kubwa ya kilomita zaidi ya 550 ilipita bila jambo la kusimulia. Hata hivyo, kila ninapovuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji nawakumbuka wazee wetu waliokuwa wakilala ng'ambo wakisubiri pantoni, na wakati wa masika wakikatwa kabisa na upande wa kaskazini, hadi daraja hilo lilipofunguliwa mwaka 2003. Somanga nako abiria walinyanyuka vitini kutazama mahali ambapo mafuriko ya kimbunga Hidaya yaliikata barabara mwezi Mei 2024. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu alitusimulia kwamba alikwama hapo na mgonjwa, na kwamba wanakijiji wasiomjua waliwapikia uji bila kuwatoza hata senti.

Anayekwenda kusini kwa mara ya kwanza achague basi la asubuhi na akae upande wa kushoto. Bahari huonekana kwa nadra njiani, na mara nyingi huonekana upande huo.

Jumatatu: Mtwara mjini

Nyumba ya wageni maeneo ya Ligula ilitugharimu shilingi 25,000 kwa chumba, chai ikiwemo. Asubuhi tulishuka hadi Feri, mahali ambapo boti za kwenda Msanga Mkuu hupakia abiria na wavuvi huleta samaki. Kando ya njia kina mama walikuwa wakiuza ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi. Hivi ni viazi vyembamba vya porini ambavyo huchimbwa wakati wa kiangazi, na mtu aliyelelewa Mtwara au Lindi huweza kuvila kutwa nzima akiwa na mazungumzo mazuri pembeni. Fungu la shilingi 1,000 lilitutosha sisi wawili.

Mtwara ni mji mchanga kuliko miji mingine yote ya safari hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ikaanzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini, na wapimaji waliona kwamba ghuba ya Mtwara ina kina cha asili kinachoweza kupokea meli kubwa. Ikajengwa bandari, ikajengwa na reli. Mpango wa karanga ulivunjwa mwaka 1951, kabla bandari yenyewe haijakamilika, kwa kuwa mashine zilishindwa na visiki na udongo, mvua hazikutabirika, na waliopanga hawakuwasikiliza wakulima wa mahali pale. Reli iliendelea kusafirisha mazao kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa.

Pale Feri tulimkuta mzee aliyekuwa ameketi kwenye gogo akishona wavu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na nilipomwuliza kuhusu reli aliweka sindano chini. "Mimi nilikuwa mtoto mdogo," alisema, "lakini mlio wa garimoshi naukumbuka. Baba yangu alikuwa akibeba magunia. Reli ilipong'olewa tulidhani watakuja kuweka nyingine iliyo bora." Kisha akamwelekeza mpwa wangu jinsi ya kulitambua tuta la reli ya zamani mahali ambapo watu sasa wamelifanya njia ya miguu na baiskeli.

Korosho ndiyo iliyobaki kuipa bandari kazi. Oktoba maghala huanza kujaa, na kila tulipokaa kunywa chai tulisikia habari za mnada, za vyama vya msingi na za malipo, kwa kuwa tangu mwaka 2007 zao hili huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka korosho ghalani, akapewa stakabadhi, nazo zikauzwa mnadani. Mgeni anayetaka kuuelewa mji huu aje msimu huu na asikilize.

Jumanne: Msimbati

Noah ya abiria kutoka stendi hadi Msimbati ilitutoza shilingi 4,000 kila mmoja, nayo haikuondoka hadi ilipojaa, yaani baada ya saa moja na nusu. Njiani tulipita Madimba, kwenye kiwanda kinachosafisha gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini miaka mingi, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Abiria mmoja, fundi wa kuchomelea, aliniambia kwa utaratibu, bila hasira, kwamba watu wa huku walitaka kuona viwanda vinajengwa kwanza hapa. Nadhani dai hilo lilistahili kusikilizwa kwa utulivu kuliko lilivyosikilizwa mwaka 2013, wakati wa ghasia za gesi Mtwara.

Msimbati ni kijiji cha minazi na mchanga mweupe ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mgeni hulipa kiingilio, na ni vyema aulize kiwango mapema na adai stakabadhi. Tulikuta maji yamekupwa, na kina mama wametawanyika juu ya miamba na vijiti vyao wakitafuta pweza. Bibi mmoja alituonyesha jinsi ya kulitambua tundu lenye mwenyewe: pweza hukusanya makombe na vijiwe mlangoni, na anayejua huona kwamba vimepangwa. Alisema kwamba zamani mlipuko mmoja wa baruti ulikuwa ukiua samaki wa mwezi mzima, wakubwa na wadogo pamoja, na mwamba uliovunjika haukurudi tena. "Waliopiga baruti walikuwa watoto wetu wenyewe," alisema. "Hatukuweza kusema ni wageni."

Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na karibu kila nyumba tuliyobisha ina ndugu Palma au Mocímboa da Praia. Kwa sababu ya machafuko ya Cabo Delgado ulinzi wa mpaka ni wa makini, hivyo msafiri abebe kitambulisho na ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga picha. Sisi tulifanya hivyo, na mwenyekiti akatutafutia mtu wa kutupikia wali wa nazi na samaki. Malipo yalikataliwa hadi tulipowapa watoto wa nyumba ile kama zawadi.

Jumatano na Alhamisi: Mikindani

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni mwendo wa daladala usiozidi nusu saa, na nauli haifiki shilingi 1,500. Barabara inashuka kilimani, inapita kwenye mashamba ya chumvi, kisha ghafla ghuba ya mviringo inafunguka mbele yako, maji yametulia kama ya kisimani. Utulivu huo ndio ulioujenga mji. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yaliweza kukaa humo miezi kadhaa yakisubiri kusi iyarudishe, na wakati huohuo misafara ilishuka kutoka bara ikileta pembe za ndovu, nta, na, kwa fedheha ya biashara yote ile, watu waliotekwa.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane, shilingi 20,000 kwa usiku, nasi tukala kwake. Jioni ya kwanza ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, asubuhi vitumbua na chai ya tangawizi. Nawashauri wageni wale katika nyumba za watu kila inapowezekana, maana mazungumzo yote ya maana ya siku hizi mbili tuliyapata tukiwa mkekani.

Majengo ya mawe ya Mikindani yanahitaji kutazamwa polepole. Mwenyeji wetu alitupeleka kwa mjomba wake, fundi aliyestaafu, naye alitueleza jinsi yalivyojengwa, akiwa amesimama ndani ya gofu lisilo na paa na mkono wake ukipapasa ukuta. Mawe ni ya matumbawe. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo tabaka kwa tabaka, kurundika matumbawe juu yake, kuchoma, kisha kuimwagia maji na kuiacha ipoe na kukomaa muda mrefu kabla ya kutumika. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri ya mkoko haiwi ndefu, vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, upana wake karibu mita mbili na nusu au tatu, hata tajiri awe na fedha kiasi gani. "Ukitaka chumba kikubwa," alisema fundi, "unakirefusha, hukipanui." Mpwa wangu alipima vyumba vitatu kwa hatua zake, na kila kimoja kilithibitisha maneno ya mzee.

Nilimwuliza kwa nini nyumba zinaanguka ilhali zimedumu zaidi ya karne. Alijibu kwamba ukuta wa chokaa hauogopi mvua, unaogopa kuachwa. Paa likitoboka maji huingia juu ya ukuta, mbegu ya mtini huota kwenye ufa, na mzizi hufanya kazi ambayo jua na chumvi havikuiweza. Aliongeza jambo ambalo ningependa wenye nyumba za zamani wote walisikie, kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huufungia unyevu ndani, na ukuta huoza ukiwa unapendeza kwa nje.

Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895 juu kidogo ya mji, lilikuwa karibu kuwa gofu hadi shirika moja la hisani la Uingereza lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 na kulifanya hoteli. Mgeni asiyelala humo huruhusiwa kutazama na kunywa kinywaji. Kutoka mnarani unaona ghuba nzima, na unaelewa mara moja kwa nini mtawala aliyetaka kuhesabu kila jahazi alichagua pale.

Kuna pia nyumba yenye bamba linalomtaja David Livingstone, ambaye alishuka Mikindani Machi 1866 akaondoka hapa kuelekea Ruvuma katika safari yake ya mwisho, ambayo hakurudi nayo hai. Mapokeo hulihusisha jengo hilo na kukaa kwake. Nilisimama mbele ya bamba kwa muda mrefu nikiwafikiria Chuma, Myao aliyekuwa ameokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, na Susi, mtu wa Zambezi. Wote wawili walikuwa katika msafara huohuo, nao ndio waliokuwa mbele, pamoja na wenzao, katika kuubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, mahali alipofia mwaka 1873, hadi pwani Bagamoyo mwaka uliofuata. Miguu yao iliikanyaga Mikindani sawa na yake. Bamba moja lenye majina yao lingegharimu fedha ndogo sana, na naamini watoto wa shule wanaopita hapo kila asubuhi wanastahili kulisoma.

Alhamisi jioni fundi alitupeleka kwenye kisima cha mtaa wake, kimejengewa kwa mawe yaleyale, ukingo umechimbika kwa kamba za miaka mingi. Wasichana watatu walikuwa wakichota. Alisema kwamba bandari ya Mtwara ilipofunguliwa katika miaka ya 1950, makarani waliondoka, wenye maduka wakaondoka, na vijana wakafuata kazi za kupakua meli. "Waliobaki ni wenye makaburi hapa," alisema. Nilipomwuliza kama alitamani kuondoka, alisema alikwenda Mtwara miaka sita, akarudi mama yake alipougua, na baadaye hakuona sababu ya kwenda tena.

Ijumaa: Lindi

Tulipanda basi dogo hadi Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, tukabadilisha gari kwenda Lindi mjini. Nauli ya jumla ilikuwa shilingi 8,000. Tairi lilipasuka kabla ya Mnazi Mmoja, na kwa kuwa gari halikuwa na tairi la akiba tulikaa chini ya mkorosho hadi mchana. Mwenye shamba alitoka, akatuona, akarudi na ndoo ya maji ya kunywa na sinia la mabibo. Alikataa kabisa kuzungumzia malipo, na kabla hatujaondoka akamfungia mpwa wangu korosho kwenye gazeti.

Kwa ajili ya kuchelewa huko tulifika Lindi baada ya sala ya Ijumaa, wakati maduka yanafunguliwa tena. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla Mtwara haijaichukua heshima hiyo, na ikarudishiwa hadhi ya makao ya mkoa ulipoanzishwa Mkoa wa Lindi mwaka 1971. Mji umekaa mdomoni mwa mto Lukuledi. Pantoni ya kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, hugharimu shilingi mia chache tu, na nashauri kila mgeni avuke hata kama hana shughuli huko, kwa kuwa Lindi inaonekana vizuri zaidi kutoka majini.

Kwenye gati nilimwonyesha mpwa wangu maji na kumwambia kwamba mifupa mikubwa kuliko yote aliyopata kuisoma, ya mijusi wa kale wanaoitwa dinosaria, ilipakiwa meli katika mji huu. Tendaguru, kilima ilikochimbwa, iko kaskazini magharibi ya Lindi, kiasi cha kilomita 60. Wenyeji waliifahamu mifupa hiyo mikubwa, mhandisi mmoja Mjerumani akaandika habari zake mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin likatuma msafara uliosimamiwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini waliochimba walikuwa mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye utaalamu wake wa kuifukua na kuitengeneza mifupa uliheshimiwa na wataalamu wenyewe. Mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi Lindi. Mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin, anayeitwa Giraffatitan, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani.

Tukumbuke wakati wenyewe. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907, mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa, na njaa ilikuwa imewaua watu wengi kuliko risasi. Wengi waliokubali ujira wa kubeba mifupa walikuwa wametoka katika hali hiyo. Mzee aliyekuwa anasubiri pantoni nasi, mwalimu mstaafu, alisikia mazungumzo yetu akasema kwamba babu wa mkewe alikuwa mmoja wa wapagazi. Hakuwahi kujua alichobeba kilikuwa nini. Alikumbuka tu kwamba mzigo ulifungwa kwa mianzi na plasta na kwamba walikatazwa kuutua kwa kishindo. Mwalimu huyu angependa nakala ya mfupa mmoja iwekwe Lindi mjini, mahali ambapo watoto wataifikia kwa miguu. Nami nasema hivyo hivyo.

Jumamosi: Kilwa Kivinje

Kutoka Lindi tulichukua basi la Dar es Salaam hadi Nangurukuru, shilingi 10,000, na kutoka hapo bajaji hadi Kivinje, shilingi 2,000 kila mmoja. Wasafiri wengi hupitiliza hadi Masoko kwenye hoteli. Nawasihi wasifanye hivyo.

Kivinje ilikua katika karne ya 19, wakati biashara ya Kisiwani ilipodhoofika na misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilipohitaji mahali pa kufikia bara, pasipohitaji kuvuka maji. Maelfu kwa maelfu ya watu walipitishwa ufukoni hapa wakapelekwa Unguja na mbali zaidi, hadi usafirishaji wa watumwa baharini ulipopigwa marufuku mwaka 1873, na kwa siri hata baada ya hapo. Leo ufuko huo umejaa mitumbwi na chanja za kukaushia dagaa. Nyumba za ghorofa za mawe zimesimama nusu, nyingine zina watu chini na miti juu, na jengo la utawala la Wajerumani linatazama bahari bila madirisha.

Mtu wa kwanza kutusimamisha alikuwa bibi anayeuza chai na mikate ya kumimina karibu na soko. Alituuliza sisi ni watoto wa nani, na nilipomtajia ukoo wa mama yangu alifikiri kidogo, akasema, "Basi ninyi ni wageni wangu," akafunga biashara yake na kutuongoza mwenyewe. Alitembea kwa haraka kutuzidi. Alituonyesha mnara wa ukumbusho wa maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliouawa na wenyeji Septemba 1888, pwani nzima ilipokataa kutawaliwa na kampuni hiyo. Kisha alitupeleka mahali pa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Mmoja wao alikuwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa mwaka 1895 baada ya kupigana nao katika nchi ya nyuma ya Kilwa.

Miaka kumi baadaye, Julai 1905, wakulima wa Nandete katika milima ya Umatumbi, ndani ya wilaya hii hii, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na huo ndio mwanzo wa Majimaji. Kinjikitile Ngwale, aliyewapa watu maji na umoja, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa vimeanza tu. Bibi alilisimulia hili akitaja vijiji kwa mpangilio wa njia, jinsi mtu anayevitembelea kwa miguu angevitaja. Alisema bibi yake mzaa mama alikuja Kivinje akiwa mtoto, akikimbia njaa, akalelewa na watu wasio ndugu zake. Sikuwa na swali la kuongeza. Mpwa wangu aliomba ruhusa ya kumpiga picha, akakubali kwa sharti kwamba nakala imfikie mkononi.

Tulilala Masoko, mahali zilipo ofisi za wilaya sasa. Chumba kilikuwa shilingi 30,000, na usiku ule hakukuwa na umeme hadi saa nne.

Jumapili: Kilwa Kisiwani

Kibali cha kuingia magofuni hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka, na viwango vya raia ni nafuu sana kuliko vya wageni wa nje, hivyo kitambulisho kinahitajika. Boti ya injini tuliikodi pamoja na familia moja kutoka Masasi tuliyokutana nayo ofisini, tukagawana gharama. Anayependa kuvuka kwa dau aulize kwanza habari ya maji na upepo, na aondoke asubuhi.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyekuwa akitawala wakati Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika mwaka 1331 na kuusifu mji kwa uzuri wake na mtawala kwa ukarimu wake. Utajiri ulitokana na dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, iliyotoka bara katika nchi ya Zimbabwe, nayo Kilwa ilikuwa imejiweka kati ya machimbo na wanunuzi wa ng'ambo. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na baadhi yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, jambo ambalo wataalamu bado wanalijadili.

Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na ukapanuliwa katika karne ya 14, una kuba na matao yaliyochongwa kutoka katika tumbawe laini, ambalo hukatwa likiwa bichi baharini na kugumu likikauka. Nilimkumbuka fundi wa Mikindani, na mpwa wangu akaanza kupima tena kwa hatua. Husuni Kubwa, kasri la juu ya jabali, lina bwawa la pembe nane na ua mpana unaoelekea bahari. Gereza, ambalo ni ngome, lilianzishwa na Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505, likajengwa upya na Waomani, na mawimbi yalikuwa yameanza kulila. Kwa sababu ya hatari hiyo na nyinginezo UNESCO, iliyoyaweka magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, iliyaingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa iliyowahusisha wanakijiji wenyewe.

Wageni wengi huondoka wakiwa wametazama kuta tu. Lakini Kisiwani ni kijiji. Kuna shule, kuna zahanati, kuna wanawake waliokuwa wakirudi na maji kupita pembeni ya kaburi la masultani. Mwongozaji wetu, mzaliwa wa hapo, alisema mababu zake hawakuhama wakati wowote ambao vitabu vinasema mji ulikufa. Walilima mtama na muhogo, walivua, waliswali katika misikiti midogo, na kila kizazi kilionyeshwa mipaka ya magofu na wazee. Alituomba tuandike hivyo, nami nimeandika.

Jumatatu: kurudi

Nangurukuru mabasi kutoka Mtwara yalipita yamejaa, moja baada ya jingine, hadi alasiri. Mama lishe wa pale alitupa benchi lake la kivulini na kumwita kila kondakta kwa niaba yetu, na hatimaye tukapata viti viwili vya nyuma kwa shilingi 20,000 kila mmoja. Anayerudi kutoka Kilwa akate tiketi Masoko siku moja kabla.

Tumezituma picha za karatasi kwa mabasi, bahasha moja Kivinje na nyingine Mikindani. Bibi wa Kivinje amepokea, na mjukuu wake amepiga simu kusema kwamba ametaka nakala ya pili kwa ajili ya dada yake aliye Somanga. Fundi wa Mikindani naye amepiga, ametaka nirekebishe jambo moja katika maelezo niliyomsomea: kisima hakitumiki tu bomba linapokatika, kama nilivyokuwa nimeandika mwanzo, bali kinatumika kila siku, na Ramadhani mtaa mzima huchota hapo maji ya futari. Picha ya kisima ameitundika msikitini karibu na mlango, na ametuagiza tukirudi tuje na kamba mpya ya mita 20.